Kamba Yenye Kanga Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Mabeseni tena. Lile la bluu chumba cha kati, sufuria iliyokatika sikio koridoni, ndoo mlangoni kwa mpangaji, Mama Aneth. Kimvua cha asubuhi tu, cha kulaza vumbi, lakini humu ndani ti, to, ti, to, kama tumealika ngoma. Nayapanga hata nikifumba macho. Andika hivyo hivyo Zena, usinipambie.

Mie nasema, Zena anaandika. Yeye alikwenda kisomo cha watu wazima, mie nilikuwa natoroka naenda kuuza vitumbua. Ni mke mwenzangu. Marehemu Mzee Salum alituoa wawili, katuacha wawili, chini ya bati hili hili, hapa mtaani Gerezani, Dar. Watu wanashangaa hatugombani. Tuligombana mpaka ugomvi ukaisha.

Nilikuwa nasema nini? Ehe. Hamisi kaja na Mzee Kondo.

Hamisi mtoto wa Zena wa kumzaa. Mie sikujaaliwa. Mzee Kondo shemeji yetu, mkubwa wa ukoo sasa. Hamisi kapata mnunuzi. Anataka uwanja, nyumba hana haja nayo, aangushe ajenge ghorofa. Siku hizi ruksa kila kitu, mtaa mzima wanaangusha. Kwa kina Bi Tatu pale kona leo ni shimo. Zena atakwenda kwa mwanawe Tabata. Na mie? Kijijini Maneromango, kwa mtoto wa kaka yangu, nikalale na kuku. Hawakusema kuku. Nimeongeza mie.

Nimekasirika mpaka chai yao nimeimwaga uani.

Mzee Kondo kakaa kwenye mkeka, tone likamwangukia kwenye kofia. Kaangalia juu. Kasema: nyumba inayovuja inaoza, inayooza inaua. Tutakaa kikao Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya mfungo, humu humu chumba cha kati. Nikikuta pakavu, nyumba haiuzwi. Nikikuta maji, inauzwa. Masika yanaanza, mvua itatuamulia.

Hamisi kacheka. "Mama Mkubwa, hili bati limekufa."

Limekufa, umelizika wewe?

Zena ameandika maneno ya mwanawe bila kuinua kichwa. Sijui moyoni ana nini. Sijamuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda mwenyewe kule kwa mafundi, karibu na reli. Kelele za nyundo, vijana wanapasua magari ya watu, spea zimepangwa chini kama dagaa. Namtafuta Fundi Maganga. Mnyamwezi. Mtani wangu.

Kaniona tu kaanza. "Mzaramo katoka nyumbani mchana! Ngoma imekatishwa na nani?"

Nikamwambia nyinyi mlikuja pwani mmebeba mizigo ya watu kichwani, mkasahau kurudi. Wenzake wakacheka mpaka wakaangusha spana.

Nikamweleza. Akaacha mzaha. Kasema bati halifi hivi hivi, kwanza lisafishwe ndiyo lisemwe. Nikampa masharti yangu. Na kandambili hupandi. Bila kamba hupandi. Bati likiwa bichi kwa maji hupandi. Meinswichi naizima mie mwenyewe, maana waya wa umeme unaingilia pale mbele, unagusana na bati kama wachumba.

"Bibi, mimi nimepanda mapaa tangu sijaota ndevu."

Nikamwambia Mzee Salum naye alipanda na ndevu zake. Alipanda kufagia majani baada ya manyunyu, na ndala miguuni, akaja chini kwa nyonga. Alichechemea mpaka kaburini. Tangu siku ile nalichukia bati bichi kuliko nyoka. Wewe ukianguka, mtani, itabidi mie ndiye nije kukuzika na kukucheka, na miguu inaniuma, sina nafasi.

Kakubali. Ila kasema mtani hapangi bei. Kazi ikiisha atachukua kitu atakachopenda humu ndani, nisimzuie. Ndiyo utani ulivyo. Nimemwambia achukue hata Zena.

Zena kakataa kuandika hilo. Nimemsimamia mpaka kaandika.

Alhamisi, 7 Machi

Kapanda! Asubuhi, umande umeshakauka, jua bado halijawa kali la kuunguza nyayo. Raba miguuni, kaziazima kwa mwenziwe. Ngazi imesimama kwenye ardhi ngumu, juu imefungwa na waya. Kamba kiunoni. Kamba inapita juu ya kofia ya paa, pale bati za pande mbili zinapokutana, inashuka upande wa pili, inafungwa kwenye nguzo ya jiko la uani. Akiteleza huku, nguzo inamshika kule. Hakanyagi ovyo. Anafuata mstari wa misumari, maana chini ya misumari kuna papi, mbao inabeba mtu. Katikati bati tupu, unapita mzima mzima unamwangukia Mama Aneth kwenye uji.

Mie kwenye kigoda uani, bakora mkononi. Najiona kama mkuu wa wilaya.

Vitu vilivyoshuka kutoka juu ya bati lile! Mawe. Tairi mbili. Ndala ya mguu mmoja. Mpira wa makaratasi. Mifupa, Mungu wangu, mifupa! Kunguru wanaiokota kwa wauza nyama Kariakoo wanakuja kulia kwetu kama hotelini. Gata la kukingia maji ya mvua limejaa mifupa na majani mpaka mchicha umeota. Mchicha mzuri hasa. Zena kauchuma.

Mawe tumeyaweka sisi. Kila palipovuja mtu alirusha jiwe, bati likae chini. Mtaa mzima ndivyo tunavyofanya, ukitazama kutoka ghorofani utadhani tumeanika mawe. Kumbe chini ya kila jiwe maji yanalala, majani yanaoza, kutu inakula. Tulikuwa tunalitibu bati kwa sumu.

Fundi kafagia kwanza, pakavu, kutoka juu kuja chini. Halafu kaniita. "Mtani, nani kapiga misumari hii?" Mwaka jana Hamisi alileta mtu, akagongagonga nusu saa akaondoka. Kapiga misumari bondeni! Bati lina migongo na mabonde. Maji yanapita bondeni. Msumari unapigwa mgongoni. Ukiupiga bondeni umeyatobolea maji mlango.

Sasa najua. Bati halijafa. Limetobolewa tu.

Nimefurahi mpaka nikamtukana fundi bila sababu.

Jumamosi, 9 Machi

Andika haraka Zena, bado moyo unaruka.

Mama Aneth mpangaji wetu. Mchaga, wa Moshi, mtu wa kazi haswa. Anauza mitumba Mchikichini, na yeye hauzi nguo na vumbi lake, anafua kwanza, anapiga pasi. Leo kafungua mtumba wa makoti. Yale mazito ya Ulaya, sijui Dar hii nani atayavaa. Kayafua yote. Kamba yake ya kuanikia imejaa. Anatazama, anaona kamba mpya nzuri imefungwa kwenye nguzo ya jiko, inapanda juu ya paa. Hakujua. Alhamisi hakuwepo, alikuwa sokoni. Na mie nimeingia ndani kuswali.

Kaifungua.

Kaivuta mpaka kwenye mpapai, kaifunga pale, kaanika makoti yake, yanachuruzika maji. Na Maganga yuko juu upande wa barabarani, anang'oa misumari ya bondeni, anaimba.

Namaliza kuswali natoka uani. Hamisi huyo, kaingia na mnunuzi wake kumwonyesha uwanja. Bwana mpole, shati jeupe, kalamu mfukoni. Hamisi anampimia kwa mkono, hapa patakuwa na ngazi, hapa tangi la maji. Nimewaona nikaona moto.

Mara juu: grrrrrr! Bati linalia. Kamba ikaruka kama nyoka. Mpapai ukainama, ukakatika kati. Na makoti, wallahi, makoti yakapaa! Yamepangana yanakwenda juu ya paa mikono imetanda, kama Wazungu wanapanda mbinguni.

"Kamateni!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nimekamata koti la kijani kwa mkono. Mama Aneth kakamata la kahawia, analia, "Yesu wangu, kumbe kuna mtu! Kuna mtu!" Hamisi kakurupuka na suruali yake ya pasi, kaidaka kamba yenyewe, kajikita visigino kwenye tope la maji ya makoti. Na mnunuzi, yule bwana, kashika mkia wa koti jeusi, naye anavuta! Anaokoa paa analotaka kulivunja!

Kamba ikasimama. Zena kakimbia barabarani, sauti yake ikaja kupitia koridoni. "Miguu inaning'inia! Vuteni! Vuteni!"

Tukavuta. Hamisi anatuongoza, haya, haya, kama alivyokuwa akivuta kamba shuleni. Maganga akarudi juu ya bati, akajiburuta mpaka kwenye kofia ya paa, akachungulia uani. Uso wa majivu. Katuona tumeng'ang'ania makoti.

Kasema, "Mtani, mlikuwa mnanianika?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye maji. Hamisi kacheka. Halafu kaona viganja vyake, vimechubuka. Kavifuta kwenye suruali ile ya pasi.

Mnunuzi kaaga. Shati halikuwa jeupe tena.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna kazi. Maganga kiuno kinamuuma. Mama Aneth kaenda kanisani, karudi kanipigia magoti. Nikamwinua. Kosa letu sote. Kamba uani, mwanamke yeyote ataanika. Hata mie ningeanika.

Nimetoa kanga yangu nyekundu. Nimetangaza nyumba nzima: kamba yenye kanga nyekundu ina roho ya mtu kule mwisho. Haiguswi. Na mtu mmoja atakaa nayo, haendi kuswali, haendi chooni, mpaka mwenziwe ampokee.

Jumatatu, 11 Machi

Manyunyu. Misumari ya bondeni imeshang'olewa, matundu yako wazi, hayajazibwa. Chumba cha kati kama chujio. Beseni la bluu limejaa, nimelimwaga, limejaa tena.

Ijumaa inakuja.

Maganga kaja. Kasema, mtani, manyunyu haya madogo, nipande dakika chache nizibe. Siku zinakwisha. Na mie moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Ulitaka kabisa. Nyumba yangu ile inakwenda! Nimemtazama, nimeona nyonga ya Salum.

Nimeilaza ngazi chini nikaikalia.

"Bibi, utauziwa nyumba kwa kukalia ngazi."

Ikiuzwa iuzwe. Bati bichi halipandwi.

Tumekaa hivyo, mie kwenye ngazi na mwavuli uliovunjika, yeye kwenye kigoda, mpaka tukanywa uji. Mchana hakukauka. Kaondoka. Nimelia kidogo. Zena kaniona, kaniletea shali, kanifunika. Halafu kasema, "Mwenzangu, Tabata siendi. Pakivunjwa hapa nakwenda na wewe Maneromango kulala na kuku."

Hilo kaandika mwenyewe. Mie sikumwambia aandike.

Jumatano, 13 Machi

Jua! Jua la kukausha hata dhambi. Umande ulipokauka tu, juu.

Leo hakupanda mmoja. Nani kasimama mlangoni na raba za mpira wa miguu? Hamisi. Kasema viganja vimepona, kazini kaomba ruhusa. Hakusema sababu nyingine, nami sikumchimba. Mtu akija na raba, mpe kazi.

Nimemfunga kamba mwenyewe. Nimekaza fundo mpaka kaguna. Kamba mbili, nguzo mbili, kanga mbili. Zena kashika ya mwanawe, mie ya mtani. Nimemwambia Zena, hapa ndipo nitakapojua kama unampenda.

Wakasugua kutu kwa brashi ya waya. Mdomo na pua wamefunga vitambaa, vumbi la kutu baya. Wakapiga misumari mipya mgongoni, mgongoni, nasikia kila nyundo namhesabia yule fundi wa mwaka jana dhambi zake. Chini ya kila msumari kiraka cha mpira wa ndani wa tairi, Maganga kakata mwenyewe viduara kama vitumbua. Matundu ya zamani kayafunika kwa vipande vya bati na lami ya moto. Lami haikubebwa begani. Ilipandishwa kwa ndoo na kamba, mtu wa chini kasimama pembeni, si chini yake. Palipolika sana, chini ya mawe, wakaingiza bati zima. Gata wakaliosha, wakalifunika wavu wa dirisha, kunguru sasa watafute hoteli nyingine. Mwisho rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

Mawe hayakurudi. Hata moja. Jirani kauliza upepo ukija? Nikamwambia bati langu limepigiliwa, lako limeombewa.

Jioni Hamisi kashuka, mwekundu kama kapakwa yeye. Kakaa kwenye ngazi kachoka. Kaniuliza, "Mama Mkubwa, meno yangu si niliyatupa huku juu?"

Yote, mwanangu. Kila jino lililotoka ulisimama hapo uani, ukarusha juu ya bati, ukamwomba panya akupe jipya. Moja lilirudi likakupiga kwenye paji la uso, ukalia, nikakurushia mie.

Kasema hakuyaona.

Panya alichukua. Si akakupa hayo uliyonayo?

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimefua. Kwa makusudi. Kuonyesha siogopi. Nilikuwa naogopa.

Zena kadeki chumba cha kati, katandika shuka jeupe sakafuni, tone likianguka kila mtu alione. Hakuna siri. Mabeseni yote nimeyatoa nje.

Baada ya swala ya Ijumaa wakaja. Mzee Kondo kaja na mwavuli. Kakaa nao magotini kama bunduki. Na mawingu huko baharini meusi, mazito, yanakuja kama yameitwa shauri. Maganga kajikalisha pembeni, mtani hafukuzwi kwenye kikao.

Mzee Kondo kafungua kwa dua. Kasema basi ndugu zangu, na hapo hapo mbingu ikafunguka.

Mvua ile! Sijui niiseme vipi. Bati lilinguruma nyumba nzima. Mzee Kondo anaongea, naona mdomo tu unafunguka na kufumba. Tukatazama juu. Watu wazima na akili zetu, vichwa nyuma, kama vifaranga.

Hakuna kitu.

Mvua ikaongeza. Nikashika mkono wa Zena. Hakuna kitu. Mama Aneth mlangoni kakunja mikono, anaomba kwao, mie naomba kwetu.

Mara, ti.

Tone. Katikati ya shuka jeupe. Kila mtu kaliona. Mzee Kondo kanyosha kidole. Halafu lingine, ti, pembeni yake. Nikainua macho polepole.

Kidevu cha Hamisi! Kaingia kachelewa, kalowa chapachapa, kasimama pale katuinamia, anatuchuruzikia!

"Toka hapo we mtoto, unavuja!" Nilipiga kelele mvua yote ikanisikia.

Maganga kaanguka ubavu kwa kicheko. Mzee Kondo naye bega likaanza kutikisika. Hamisi kavua shati, karudi nyuma mlangoni. Tukangoja tena. Shuka na alama zake mbili za Hamisi. Hazikuongezeka. Mvua ilipiga, ikapiga, ikachoka yenyewe.

Ilipotulia Mzee Kondo kaukunja mwavuli vizuri, kifungo chake, kauegemeza ukutani. Kasema sitafuti maneno. Nyumba kavu haiuzwi. Hawa wanawake wamo ndani, na watakuwemo. Hamisi, una neno?

Hamisi kasema, "Sina, Baba Mkubwa. Mnunuzi nilishamwambia hapauzwi, Jumamosi ile ile. Na kasema hata yeye asingeweza kulala usingizi akilivunja paa aliloliokoa."

Jumamosi ile ile! Na mie nimelia kwenye ngazi Jumatatu! Nimemrushia ndala. Imempata. Halafu nimepiga kigelegele, Zena kaitikia, Mama Aneth kaitikia cha Kichaga, mtaa ukajaa mlangoni wakidhani tunaoza binti. Pilau likapikwa. Ramadhani iko mlangoni, tumevunja jungu tukiwa na nyumba.

Maganga kaaga. Kachukua haki yake ya mtani. Kapita redio, kapita saa ya ukutani, kapita Zena. Kachukua beseni la bluu.

"Hilo nalipenda mtani! Niachie!"

"Utakingia nini?"

Nikampisha mlangoni. Kaliweka kichwani, kaondoka nalo, analipiga kama ngoma.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imenyesha kidogo, imekatika. Jua. Maji ya gata yameingia pipani, masafi, nimepikia chai. Haina ladha ya kutu.

Nimeamka nikaenda kuhamisha mabeseni. Nimefika chumba cha kati mikono mitupu. Hakuna cha kuhamisha. Kisha Zena kaleta godoro lake, kalirudisha mahali pake pa zamani, chini kabisa ya pale palipokuwa panavuja.

Bati limekauka. Hamisi yuko juu na fagio, kuna majani yameshuka na mvua. Hakuitwa. Kanga kaifunga mwenyewe.

Mama Aneth ana makoti ya kuanika. Kayaanika kwenye ua wa jirani.

Basi Zena, mengine utaandika baadaye. Mie nimeshika kamba.